Mwaka Papa Faustin Alikuwa mu Boîtier

Mukono yangu ilikuwa mpaka ku kiwiko ndani ya boîtier, sanduku ya kompyuta ya muntu, wakati simu ililia. Niko na meza yangu hapa Goma, natengeneza mashini za batu, na ile siku kijana moja, miwani yake kubwa kupita sura, alikuwa ananiuliza kama boîtier yenye alinunua kwa furaha mingi iko muzuri ao hapana. Mi sianzake ku taa, sianzake ku rangi. Nawekaka kiganja juu ya kichwa ya boîtier, fasi hewa ya moto inatokeaka, kisha nainama mbele kuangaria fasi ya baridi inaingiaka. Nikamuambia: "Kaka, hii yako iko sawa muntu amevaa makoti tatu na anataka kukimbia mulima." Alicheka. Njo nikapokea simu, na Faustin, patron wangu wa zamani kule Karuba, akaniambia pole pole, sawa muntu anaweka yai chini: "Zawadi, mama ametuacha leo asubui. Uye. Banakungojea juu ya ile kintu." Hakusema ni kintu gani, na sikuuliza. Nilimurudishia kijana boîtier yake wazi vile ilikuwa, vis zake nne za kufungia mu kikombe, nikapanda pikipiki ya kuenda Karuba.

Kupita Sake, pale njia inaanza kupanda na baridi inaingia mu mikono ya nguo, ule mwaka ulinirudilia wote. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Masomo yangu iliishia ku ya sita ya primaire, lakini batu balikuwa banasema kinywa yangu ilifika université. Niliweza kuiga sauti ya kila muntu wa Karuba. Niliiga pasta, mwenye alikuwa anavuta "Amina" sawa anavuta ng'ombe ku kamba. Niliiga mama wa soko akilia bei. Na zaidi niliiga Papa Faustin, baba ya Faustin, vile alikuwa anaita ng'ombe zake kumi na mbili mangaribi, moja moja, kila moja na jina yake, na sauti yenye ilianza chini kama muntu anaguna na ikamalizika juu kama muntu anaimba. Nilikuwa namuiga nyuma ya nyumba yake, na siku moja ng'ombe tatu zilikuya kwangu. Alinikimbiza na fimbo mpaka ku kisima. Lakini alikuwa anacheka, nilimusikia.

Faustin alikuwa na secrétariat: kuandika barua, kutosha photocopie, kutengeneza video ya ndoa, kutia muziki mu simu za batu. Ilikuwa chumba moja ya mbao, na bati, na magazeti ya zamani ku ukuta, groupe ya kutosha umeme inalia inje sawa mugonjwa wa kifua. Alinichukua juu nilikuwa na mwandiko muzuri na juu bateja balikuwa banakuya kucheka, kisha banaona haya kuenda bila kutosha hata photocopie moja. Ubao moja tu njo ilitutenganisha na jikoni ya Mama Faustin. Tulisikia kila kintu: biazi zikitokota na maganda yake, maziwa ikipanda, bibi na bwana bakibishana. "Weye, ng'ombe unaziita na asali, mi unaniita na kikohozi." "Ng'ombe hazinijibu vibaya." Kisha tunasikia banacheka bote wawili. Saa sita Mama Faustin alipitisha sahani ku dirisha, biazi na maziwa ya kuganda, na aliniambia kila siku maneno ileile: "Kula, kinywa ile ipumuzike."

Mwanzo ya ule mwaka mashini ya Faustin haikukuwa na nyumba. Roho yake yote ilikaa mu carton ya biskuti, na siku moja kuku ilitagia ndani. Njo Faustin aliongea na mucuruzi moja wa Goma, akamutumia boîtier mbili juu ya pikipiki: achague moja, ingine irudi siku ya soko. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, imebonyea ku kona, na mbele yake yote ilikuwa na matundu madogo madogo sawa chujio ya maziwa. Ya pili ilikuwa nyeupe, kioo mbele, kioo pembeni, na ndani ventilateur tatu za kuvuta hewa, zenye taa, bluu na nyekundu. Faustin aliiangaria vile kijana anaangaria bibi arusi wa muntu mwingine.

"Tunapima kwanza," nilimuambia.

"Weye unajua kupima boîtier?"

"Mi najua hewa." Na ilikuwa kweli. Kabla ya kuenda kwake nilifanya miaka mbili mu nyumba ya fromage, jibini ya maziwa, kugeuza fromage kila asubui ku mbao. Ile nyumba iko na matundu chini upande wa upepo, na matundu juu upande mwingine. Baridi inaingia chini, inapita kati ya fromage, inachukua joto na maji, inatokea juu. Ukifunga ya juu, fromage inatoka jasho, na kisha siku mbili inanuka sawa kiatu ya askari. Nilimuambia Faustin kama mashini iko fromage tu yenye inasoma.

Tulitia roho ya mashini mu ile nyeusi, tukawasha. Niliwasha ganda kavu ya mikaratusi, nikazima moto ibaki moshi, nikaisogeza mbele. Moshi iliingia mu matundu sawa watoto banaingia darasa, ikapita juu ya disque dur, fasi mashini inachunga kila kintu, yenye ilikaa palepale nyuma ya ventilateur, ikapita ubao ya carte mère, ikatokea nyuma mustari moja. Waya zote zilipita nyuma ya ukuta wa ndani, hazikusimama njiani. Alimentation, yenye inagawa umeme, ilikuwa na chumba yake chini, na tundu yake ya kupumulia. Kisha tukahamisha yote mu ile nyeupe. Moshi ilifika ku kioo, ikasimama, ikazunguka, ikaniingia mu macho. Kati ya kioo na chuma kulikuwa nafasi ya kidole moja tu; ventilateur tatu zilikuwa zinavuta kioo. Disque dur ilikaa juu kabisa, fasi upepo haifike, chini ya matundu ya kichwa, na joto yote ya mashini ilikuwa inapita kwake kwanza kabla ya kutoka. Niliweka kijiko ya siagi juu ya kichwa ya kila moja, kwa zamu, Faustin akitengeneza video ileile ya ndoa. Ku nyeusi siagi ilikaa mpaka mwisho wa video. Ku nyeupe, bibi arusi hajafika hata ku mulango ya kanisa, siagi ilikuwa maji.

Papa Faustin aliingia, akaziangaria zote mbili na mikono nyuma, vile alikuwa anaangaria ng'ombe ya kuuza. "Hii nyeupe iko na pembe muzuri," alisema. "Lakini pua iko wapi? Ng'ombe yenye haina pua, hata iwe na pembe ya mufalme, haipande mulima." Nilimupigia makofi. Faustin alikuna kichwa. "Papa, batu hawakuyake kuona pua. Banakuya kuona taa." Na alirudisha ile nyeusi. Sikukasirika sana. Nilikata carton, nikaandika na herufi kubwa: USIWEKE KINTU JUU, MASHINI INAPUMUA HAPA. Nikaibandika juu ya kichwa ya mashini, pembeni ya matundu. Faustin aliapa hataweka kintu pale, nami niliapa.

Kwa kujaribu sauti ya mashini mupya, Faustin alichukua simu yake mangaribi moja akaenda zizini, akamurekodi baba yake anaita ng'ombe. Bihogo, Gaju, Sine, Bugondo, yote kumi na mbili. Ku ya saba, mutoto ya ng'ombe alilia kwa nguvu, "Mbuuuu!", na jina haikusikika. Ilikuwa jina ya ile ng'ombe yenye Mama Faustin alikuta mu ile nyumba siku aliolewa, ya kwanza yenye alikamua na mikono yake ya bibi arusi, na jina ilipita kwa mutoto wake na kwa mutoto ya mutoto wake. Tulisikiliza mu mashini, na jikoni, nyuma ya ubao, Mama Faustin alisema ile jina kwa sauti palepale fasi ilifunikwa, kisha akaendelea kumenya biazi. Juma ileile simu ya Faustin ilianguka mu choo. Tulicheka siku tatu. Nilikuwa namuuliza kila muteja kama anataka kupigia choo. Sauti ilibaki mu mashini peke yake. Faustin alisema atafanya kopi. Alikuwa anasema kesho.

Papa Faustin alikufa mwezi yenye mvua ilikuwa haikatike, kwa homa yenye ilianza siku ya tano ya juma na ikamumaliza siku ya Mungu. Sikumbuke mengi ya kilio. Nakumbuka ng'ombe zilikataa kuingia zizini, na Faustin alisimama pale akiziita na sauti yake ya secrétariat, na hakuna hata moja yenye ilimuangaria. Kisha ile, kila siku ya Mungu, kutoka kanisa, Mama Faustin alikuwa anakuya kukaa ku kiti ya bateja na kitenge yake ya kanisa, anasema: "Zawadi, muniwekee." Namuwekea ile sauti. Anafunga macho. Ku ya saba mutoto ya ng'ombe analia, na yeye anasema jina. Saa ingine mara tatu, saa ingine mara kumi. Mi mwenye sikunyamaza hata mu sala, pale nilikuwa nanyamaza.

Kwetu kintu yenye inasema haikaake uchi. Radio, televizyo, unaivalisha kitambaa ya kushona na mukono, nyeupe, na maua ku kona. Siku moja Mama Faustin alifika na kitambaa yenye alishona wiki tatu. Aliiweka juu ya ile boîtier, akanyoosha kona zake nne, ikafunika matundu yote ya kichwa, na carton yangu pia. "Siwezi kuacha muzee uchi mbele ya bateja," alisema. Niliangaria Faustin, Faustin aliangaria miguu yake. Ungesema nini? Nilisema: "Mama, sasa amekuwa bwana arusi." Alicheka mara ya kwanza tangu kilio. Njo vile ilianza: akiingia tunavalisha, akitoka tunatosha. Siku ya Mungu saa moja tu, mashini inavumilia.

Siku ya kutosha kilio, ya kumaliza matanga, batu balikuya wengi, tangu Kirolirwe mpaka Mushaki. Balikunywa maziwa, biazi, kabichi na nyama zikiwa bado ku moto, na asubui ileile Mama Faustin alilomba kila muntu apite mu secrétariat asikie. Kitambaa ilikuwa juu. Na juu ya kitambaa, muntu, sijue nani, aliweka picha ya Papa Faustin mu kioo, na maua mu kikombe. Ndani ya ileile mashini kulikuwa video ya ndoa yenye ilipaswa kumalizika ile siku, mashini inafanya kazi mbili na kichwa imefungwa. Nilipita, nikaweka kiganja pembeni. Nilitosha mukono mbio. Ilikuwa moto sawa sufuria.

Nilijua. Nataka niandike hii muzuri: mu ile chumba yote, ni mi njo nilijua. Nilipima na moshi, nilipima na siagi, niliandika carton. Ningetosha picha, ningetosha maua, ningetosha kitambaa, ni dakika moja. Lakini unatoshaje picha ya marehemu mbele ya bibi yake na baba mukubwa ya Faustin na pasta, useme ni juu ya hewa? Mama Faustin alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya magoti, sura imefunguka sawa dirisha. Niliinama kwa Faustin, nikamuambia mu sikio: "Inaungua." Alijibu bila kunitazama: "Mara mbili tena, kisha banaenda kula." Basi nilifanya kintu yenye najuaka. Nilipiga blague ya kuchekesha. Nilisema Papa Faustin anatoka jasho juu hajazoea kuhubiri. Balicheka.

Mu katikati ya kicheko, sauti ilianza kukwama. "Biho— Biho— Biho—" Na batu balinigeukia mi. Balifikiri ni mi namuiga. "Zawadi, acha!" baba mukubwa alisema, anacheka na machozi. Nilifungua kinywa na mikono, niwaonyeshe kama hapana, haiko mi. Mama Faustin peke yake njo hakugeuka. Kisha ikawa kimya, na mu ile kimya disque dur ilianza kupiga, tak, tak, tak, sawa kuku anadonoa mahindi ku sahani ya chuma. Kisha hata ile iliisha.

Faustin alipeleka mashini Goma, akarudi siku ya pili. Mama alikuwa anamenya biazi. "Banasema nini?"

"Banasema ni courant, Mama. Groupe ilipiga mashini."

"Na papa yako?"

Mama aliendelea kumenya ile kiazi mpaka ikabaki kidogo sawa kidole. Inje, Faustin alinishika mukono mpaka ikaniuma. "Weye na kinywa yako yote, hii moja uifunge. Akijua ni kitambaa yake, atamuzika mara ya pili na mikono yake mwenyewe." Niliifunga. Alikunja kitambaa yeye mwenyewe akamurudishia mama yake, na toka pale Mama Faustin hakuingia tena mu secrétariat. Sahani ilikuwa inapita ku dirisha, lakini hakuniambia tena kinywa ipumuzike.

Kisha mwezi moja hivi, aliniita jikoni. Alikuwa anachemsha maziwa, mugongo kwangu. "Ile upumbafu yako ya kumuiga bwana yangu. Ungali unaiweza?" Nilipiga magoti. "Mama, nisamehe, sitarudilia tena." Alisema: "Sikukuambia uache. Nimekuuliza kama unaiweza."

Nilisimama karibu na moto na nikaita. Sauti ilitetemeka ku Bihogo, ikasimama muzuri ku Gaju. Nilienda mpaka ya sita, ku ya saba nikanyamaza juu nilijua fasi ile haiko yangu. Alingojea. "Na mutoto ya ng'ombe?" aliuliza. "Haukumuweka mutoto ya ng'ombe." Basi nililia sawa mutoto ya ng'ombe, mi muntu mukubwa, "Mbuuuu!", na yeye, mugongo kwangu, alisema jina. Nilimaliza zenye zilibaki. Maziwa ilipanda ikamwangika ku moto na hakuna mwenye alitosha sufuria.

Njo vile tulifanya toka pale. Mwaka yenye ilifwata, vita ilipita na ng'ombe zote kumi na mbili zilienda mchana moja, na hata pale hatukuacha. Nilipohamia Goma alikuwa ananipigia siku ya Mungu: "Niko na unité kidogo mu simu, ita mbio." Nilikuwa naita mbio, kati ya bateja, batu banafikiri niko wazimu. Ku ya saba nalia, na mu simu, mbali, na kikohozi, anasema jina.

Nilifika Karuba bamemulaza mu chumba yake. Faustin alinivuta pembeni, akafungua begi ya mama yake. Ile kitambaa ilikuwa chini, imekunjwa mu karatasi. Aliifungua. Katikati kulikuwa alama ya vumbi, muviringo moja nyeusi yenye matundu madogo madogo ndani, vile hewa ya matundu ya kichwa iliipulizia ile siku yote. Mama Faustin alikuwa anafua mpaka kamba ya mbuzi. "Siku moja nilitaka kuifua," Faustin alisema, "akaninyanganya." Tuliangaria ile muviringo. Hakuna mwenye alisema mama alijua, hakuna mwenye alisema hakujua. Alikunja kitambaa, akaiweka chini ya mikono ya mama yake.

Kisha aliniambia: "Ita."

Nilisimama ku mulango, fasi zizi ilikuwa, sasa ni majani tu. Niliita Bihogo, niliita Gaju. Bazee balitosha kofia. Ku ya saba nililia sawa mutoto ya ng'ombe, na batoto balicheka, vile inafaa. Na nilinyamaza. Mama moja alinisogelea akaniambia pole pole: "Dada, umesahabu?"

Sikusahabu. Naijua ile jina kupita yangu. Lakini haikukuwa yangu ya kusema ule mwaka, na hata hapa sitaiandika. Nilingojea wakati wote yenye ile jina inachukuaka mu kinywa ya muntu mwenye anakohoa, kisha nikaita ya nane.